KUFUNGIWA LESENI YA UDEREVA KWA SABABU YA KARATASI
Maelezo kwa watumishi na wananchi walioko Marekani, na jamaa zao walioko nyumbani

Watumishi wa Serikali wanaokwenda Marekani kwa masomo, pamoja na wananchi wa Unguja na Pemba wenye jamaa wanaoishi huko, wanaletewa maelezo haya kuhusu jambo ambalo humfika mtu bila ya kulitarajia, nalo ni kufungiwa leseni ya udereva. Hapa hazungumziwi dereva aliyelewa, aliyegonga mtu au aliyekimbiza gari kupita kiasi. Anayezungumziwa ni yule ambaye hakufanya kosa lolote la hatari barabarani, lakini karatasi fulani haikufika ilipotakiwa kufika, au ilifika ikiwa na jina lililokosewa, au ilipelekwa kwenye nyumba aliyokwisha kuihama.

Kwa mkaazi wa Mji wa Zanzibar, ambaye daladala humpitia karibu na mlango, habari hii inaweza kuonekana ndogo. Marekani sivyo. Ukiondoa miji michache mikubwa yenye treni na mabasi ya kutosha, mtu asiye na leseni hafiki kazini, hafiki darasani, na hawezi kumpeleka mtoto hospitali usiku. Aidha, anayeendesha gari hali leseni yake imefungiwa huwa, katika majimbo mengi, ametenda kosa la jinai. Jimbo la Virginia, kwa mfano, limeweka adhabu ya kifungo kisichozidi miezi 12 na faini isiyozidi dola 2,500. Kwa mgeni anayeishi huko kwa viza, kesi ya jinai ni mzigo mzito kuliko leseni yenyewe.

Leseni imo daftarini, haimo mfukoni

Jambo la mwanzo linalopasa kufahamika ni kwamba kadi anayoitia mtu katika pochi si leseni yenyewe. Kadi ni nakala tu ya yale yaliyoandikwa katika daftari la jimbo. Kadi inaweza kuwa mpya, picha ikang'ara, na tarehe ya kumalizika ikawa bado miaka mitatu, nayo leseni ikawa imefungiwa tangu mwezi uliopita. Askari anayesimamisha gari hasomi kadi peke yake, bali huuliza daftari, na jibu la daftari ndilo linalofuatwa.

Marekani haina leseni moja ya nchi nzima. Kila jimbo kati ya majimbo 50, pamoja na wilaya ya makao makuu ya nchi, Washington, hutoa leseni zake kwa sheria zake. Hata afisi zenyewe haziitwi kwa jina moja. Mjini New York na katika jimbo la California watu huitaja idara ya magari kwa herufi DMV. Huko Illinois na Michigan kazi hiyo iko chini ya Katibu wa Jimbo, na Texas iko chini ya idara ya usalama wa umma. Mtumishi aliyepangiwa ubalozini au katika ujumbe wa nchi yetu huweza kuwa na leseni inayotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na huyo afuate taratibu za wizara hiyo.

Ingawa madaftari ni mengi, yanazungumza. Majimbo mengi yameingia katika mapatano ya kupashana habari za madereva, yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vilevile kuna daftari la Serikali ya Shirikisho lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1960, ambalo haliandiki kosa lenyewe, bali huonesha kwamba mtu mwenye jina fulani na tarehe fulani ya kuzaliwa ana jambo lake katika jimbo fulani. Kwa hiyo aliyeacha karatasi haikujibiwa katika jimbo moja, kisha akahamia jingine na kuomba leseni mpya, atarudishwa kule alikotoka akalimalize kwanza.

Karatasi zinazofunga leseni

Sababu iliyozoeleka zaidi ni karatasi ya kosa la barabarani isiyojibiwa. Askari humwandikia dereva kosa dogo, pengine taa ya nyuma haiwaki, na karatasi hiyo hubeba tarehe. Kabla ya tarehe hiyo dereva anatakiwa alipe au akatae kosa mbele ya mahakama. Asipofanya hata moja, mahakama huiarifu idara ya leseni, nayo idara hufunga. Wapo wanaolipa, lakini fedha zikapokewa pungufu ya ada iliyoongezwa baadaye. Wapo pia wanaolipa kwa ukamilifu na mahakama isiiarifu idara. Huyu wa mwisho ndiye anayestaajabu kuliko wote, kwa kuwa stakabadhi anayo mkononi na leseni imefungwa.

Sababu ya pili ni bima, na hapa tutachukua jimbo la New York kwa kuwa utaratibu wake unawanasa wengi. Huko kampuni za bima huiarifu idara kwa mtandao wa kompyuta pindi bima ya gari inapoanza na inapokatika. Gari likiwa bado na usajili na vibao vyake vya nambari, lakini halina bima, usajili hufungiwa. Yapo malipo yanayohesabiwa kwa siku: dola 8 kwa kila siku katika siku 30 za mwanzo, dola 10 kuanzia siku ya 31 hadi ya 60, na dola 12 kuanzia siku ya 61 hadi ya 90. Pengo likifika siku 91 au zaidi, leseni ya mwenye gari nayo hufungiwa, hata kama gari hilo halikutoka barazani siku zote hizo.

Mtego uko katika mpangilio wa mambo mawili. Mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo ndefu, au aliyeuza gari, huona busara kukata bima kwanza ili asilipe bure. Vibao vya nambari huvisahau gerejini, au humwachia mnunuzi. Utaratibu wa New York unataka kinyume chake: vibao virejeshwe kwanza idarani, stakabadhi ya kuvirejesha ichukuliwe, ndipo bima ikatwe. Aliyeanza na bima ameacha pengo daftarini, na pengo hilo linahesabiwa siku baada ya siku wakati yeye yuko Chake Chake anakula urojo.

Wapo madereva wa malori makubwa na mabasi, na miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki waliohamia Marekani wamo wanaofanya kazi hiyo. Dereva wa namna hii hutakiwa awe na cheti cha uzima kinachotolewa na mganga aliyeidhinishwa, na muda wake hauzidi miezi 24. Cheti kikimalizika bila ya kipya kuingia katika daftari la jimbo, daraja la leseni yake hushushwa, naye hana ruhusa tena ya kuendesha lori. Kuanzia Juni 2025 matokeo ya uchunguzi hupelekwa kwa njia ya kompyuta badala ya dereva kubeba karatasi mwenyewe. Hata hivyo, dereva bado anapaswa kuhakikisha kwamba yamefika.

Sababu nyingine zitajwe kwa kifupi. Sheria ya Shirikisho ya mwaka 1996 iliyataka majimbo yote yawe na uwezo wa kufunga leseni za wazazi waliolimbikiza deni la matunzo ya watoto. Mgeni, kwa upande wake, katika majimbo mengi hupewa leseni yenye muda unaokwenda sambamba na ruhusa yake ya kukaa nchini. Ruhusa ikiongezwa na idara ya leseni isioneshwe hati mpya, leseni humalizika yenyewe. Huko si kufungiwa, lakini kwa askari wa barabarani matokeo yanakaribiana.

Majina yetu na tarehe zao

Iko sababu moja ambayo vitabu vya maelekezo vya Wamarekani haviigusi sana, kwa kuwa wao haiwasumbui. Sisi hutaja jina la mtu, la baba yake, kisha la babu yake. Fomu za Kimarekani huuliza jina la kwanza, la kati na la ukoo. Jina la babu hugeuka kuwa jina la ukoo, na la baba likawa la kati. Katika fomu nyingine jina la kati huachwa, au huandikwa herufi yake ya mwanzo tu. Karani mmoja huandika jina la baba na la babu yote mawili kuwa ni ukoo mmoja, na karani mwengine huweka alama ya kiungo baina yao. Ongeza juu ya hayo kwamba jina lile lile tunaliandika Mohamed, Mohammed na Muhammad, au Khamis na Hamisi, na pengine pasipoti imeandika hivi na cheti cha kuzaliwa vile.

Kwa binadamu hao wote ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu. Kampuni ya bima hupeleka taarifa kwamba mtu fulani amelipa, daftari la jimbo halimwoni mtu huyo, na gari huhesabiwa kuwa halina bima. New York hutaka jina lililoko kwenye bima liwe sawasawa na lililoko kwenye usajili wa gari. Kinyume cha jambo hilo nacho hutokea: mtu akabandikwa kosa la mwengine mwenye jina linalofanana na lake.

Tarehe nazo zina shida yake. Mmarekani huandika mwezi kwanza, kisha siku. Anapoandika 4/7 anakusudia tarehe 7 Aprili, na sisi tunasoma tarehe 4 Julai. Aliyezaliwa tarehe 5 mwezi wa tatu akajaza fomu kwa mazoea ya nyumbani, amejiandikia siku nyingine ya kuzaliwa. Khatari zaidi ni katika barua inayotaja siku ya mwisho ya kujibu, kwa kuwa msomaji huweza kudhani bado ana miezi mitatu na kumbe zimebaki siku chache. Kwa sababu hiyo mwananchi anayefika huko achague namna moja ya kuandika jina lake, ile iliyomo katika pasipoti, aitumie kila mahali bila ya kuongeza wala kupunguza herufi, na kila tarehe aiandike kwa kutaja jina la mwezi pale fomu inaporuhusu.

Barua iliyokwenda nyumba ya zamani

Karibu kila anayefungiwa leseni kwa namna hii husema maneno yale yale, kwamba hakupata barua. Mara nyingi anasema kweli. Lakini sheria za majimbo mengi haziulizi kama barua imesomwa, bali huuliza kama imepelekwa kwenye anwani ya mwisho iliyomo daftarini. Ikiwa imepelekwa huko, dereva huchukuliwa kuwa amearifiwa.

Sisi tumezoea utaratibu mwengine. Shehia ina sheha wake, na sheha anawajua watu wake. Barua ya Serikali ikimkosa mtu, jirani ataulizwa, mtu wa barazani atatoa habari kwamba bwana huyo amehamia Fuoni, na siku ya tatu karatasi itakuwa mkononi mwake. Marekani jirani hajui na haulizwi. Posta yenyewe, hata kama mtu ameiomba impelekee barua kwenye makaazi mapya, zipo bahasha za Serikali zilizopigwa muhuri wa kutaka zirudishwe kwa mpelekaji badala ya kupelekwa mbele. Barua hurudi idarani na siku zinaendelea kuhesabiwa.

Kwa hiyo kubadilisha anwani si adabu tu, ni wajibu wa kisheria. Majimbo ya New York na California humpa dereva siku 10 za kuarifu tangu alipohama. Mgeni ana wajibu mwengine tena, tofauti na huo, wa kuiarifu idara ya uhamiaji ya Marekani ndani ya siku 10, kwa fomu inayoitwa AR-11. Mwanafunzi naye huiarifu afisi ya wanafunzi wa kigeni katika chuo chake. Watu wengi wakishajaza moja ya hizi hudhani wamemaliza. Idara ya uhamiaji haiiambii idara ya leseni, chuo hakiiambii kampuni ya bima, na posta haimwambii yeyote kati yao. Anayehama na aziandikie zote, na abakie na ushahidi wa kila moja.

Yanayosemwa na mahakama

Msomaji atauliza kama Serikali inaweza kumnyang'anya mtu leseni bila ya kumsikiliza. Suala hilo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Bell dhidi ya Burson, iliyoamuliwa mwaka 1971. Mlalamikaji alikuwa kasisi wa jimbo la Georgia aliyehudumia vijiji vitatu kwa gari lake. Mwezi wa Novemba 1968 mtoto wa kike wa miaka mitano aliliparamia gari hilo kwa baiskeli, ubavuni. Kasisi hakuwa na bima. Jimbo lilimtaka aweke dhamana ya dola 5,000 au leseni ifungwe, na lilikataa katakata kusikiliza kama yeye ndiye mwenye makosa au siye. Mahakama ilisema kwamba leseni ikishatolewa inaweza kuwa ndiyo riziki ya mtu, na Serikali haiwezi kuichukua bila ya kufuata haki ya kusikilizwa.

Miaka sita baadaye, mwaka 1977, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya Dixon dhidi ya Love, iliyotoka Illinois. Humo ilisema kwamba pale ambapo uamuzi unatokana na kumbukumbu zilizokwisha kuandikwa, jimbo linaweza kufunga kwanza na kumsikiliza dereva baadaye. Kwa maoni ya ukurasa huu, hukumu hizi mbili zikisomwa pamoja ndizo zinazoeleza hali anayojikuta nayo mwananchi: haki ya kusikilizwa anayo, lakini mara nyingi ni lazima aiombe mwenyewe, katika siku zilizotajwa kwenye barua, hali mlango umekwisha fungwa. Aliyekosa barua huwa amekosa na siku hizo.

Hukumu ya tatu ni ya karibuni. Tarehe 6 Aprili 2020, katika kesi ya Kansas dhidi ya Glover, mahakama ilikubali kwamba askari aliyesoma nambari ya gari, akaona mwenye gari amefutiwa leseni, anaweza kulisimamisha gari hilo kwa kudhani anayeliendesha ni mwenyewe, maadamu hana sababu ya kufikiri vyenginevyo. Maana yake ni kwamba mtu hahitaji kufanya kosa ili agunduliwe. Nambari ya gari inatosha.

Anayegundua kwamba amefungiwa afanye nini

Kwanza aache kuendesha, saa ile ile. Haifai hata kuendesha kwenda idarani kueleza kwamba ni makosa, na wapo waliokamatwa katika safari hiyo hiyo. Leseni ya Zanzibar, au hati ya kimataifa ya udereva, haisaidii. Kinachofungwa ni haki ya kuendesha katika jimbo, si kadi, na mtu hawezi kujifungulia mlango kwa kadi nyingine.

Pili, aombe nakala ya rekodi yake ya udereva kutoka jimbo lililofunga. Majimbo mengi hutoa kwa malipo madogo, na mengi yana ukurasa katika intaneti ambapo dereva huona hali ya leseni yake. Rekodi itaonesha tarehe ya kufungwa, kifungu cha sheria na, jambo la muhimu kuliko yote, nani aliyeomba ifungwe. Mtu asianze kubishana na karani wa idara kabla ya kujua hilo. Idara mara nyingi ni mtunza daftari tu. Ikiwa mahakama ndiyo iliyoomba, mahakama ndiyo itakayotoa hati ya kuondoa, na ikiwa ni bima, kampuni ya bima ndiyo itakayopeleka marekebisho. Mwananchi aende kwenye chanzo, achukue hati, kisha aipeleke idarani mwenyewe na asitegemee kwamba itatumwa.

Tatu, kuna ada ya kurejeshewa leseni. Mwenye deni la mahakama akilipa huko hajalipa ada hii, na siku zikipita leseni hubaki imefungwa, ingawa kesi imekwisha. Baada ya ada, adai karatasi inayosema leseni imerejeshwa, na aiweke ndani ya gari kwa miezi kadhaa, kwa kuwa madaftari mengine huchelewa kupata habari. Baadhi ya majimbo hutaka pia kampuni ya bima ipeleke cheti kinachoitwa SR-22, ambacho mara nyingi hutakiwa kidumu kwa miaka mitatu bila ya kukatika hata siku moja.

Liko neno moja la kuangaliwa hapa. Kufungwa kukimalizika, rekodi huendelea kuonesha kwamba leseni iliwahi kufungwa, na kampuni za bima hupandisha bei kwa kuona hivyo. Kufungwa kukifutwa kwa sababu kulifanywa kimakosa, ni kama hakukuwapo. Aliyelipa bima siku zote na akafungiwa kwa kosa la jina asikubali kulipa ada ili mambo yaishe. Aombe kwa maandishi kwamba kufungwa kule kufutwe tangu siku ya mwanzo, akiambatisha barua ya kampuni ya bima yenye tarehe.

Aliyekwisha kukamatwa kwa kuendesha hali amefungiwa asikiri kosa siku hiyo hiyo ili apate kuondoka, ingawa hakimu atamwonesha kwamba faini ni ndogo. Katika New York, kwa mfano, sheria inamtaka mwendesha mashitaka athibitishe kwamba dereva alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba leseni imefungiwa. Nguvu ya kesi inaweza kuwa katika anwani ile ya zamani. Tangu hukumu ya Padilla dhidi ya Kentucky ya mwaka 2010, wakili anayemtetea mgeni katika kesi ya jinai ana wajibu wa kumweleza athari za uhamiaji kabla hajakiri. Na amwulize wakili wake hilo waziwazi.

Iko tahadhari ya wakati huu. Tangu mwaka 2025 simu za watu wengi Marekani zimepokea ujumbe mfupi wa uongo unaojifanya umetoka idara ya magari, ukidai faini na kutishia kufunga leseni siku hiyo hiyo. Hao ni matapeli. Dereva mwenye wasiwasi aingie mwenyewe katika ukurasa wa jimbo lake au aende afisini, na asibonyeze kiungo kilichomo katika ujumbe.

Sheria zilizolegezwa

Ni haki kusema pia kwamba majimbo kadhaa yameona ukali wa utaratibu huu, hasa kwa maskini, ambao hukosa fedha za faini, wakafungiwa leseni, wakapoteza kazi, na faini ikabaki pale pale. California iliacha kufunga leseni kwa sababu ya kushindwa kulipa faini za barabarani mwaka 2017. Virginia iliacha mwaka 2019 kufunga leseni kwa madeni ya mahakama. New York ilipitisha sheria yake mwishoni mwa 2020, ikaanza kazi Juni 2021, na inamruhusu dereva kulipa kidogo kidogo. Hata hivyo, sheria hii ya New York inamhurumia asiye na uwezo wa kulipa. Haimhurumii asiyejibu, na leseni ya asiyejibu bado hufungwa.

Waliokwisha kurudi nyumbani

Wapo watumishi waliomaliza masomo miaka mingi iliyopita na hawana haja tena na leseni ya Marekani, wakadhani yaliyobaki huko yamekufa. Daftari halisahau kwa sababu mtu amepanda ndege. Mtumishi akirudi kwa kozi nyingine, hata katika jimbo tofauti, akaomba leseni, jambo la zamani linaweza kumkabili dirishani pamoja na ada zake. Anayetarajia safari aombe rekodi yake mapema kutoka jimbo alilokuwa akiishi. Anaweza pia kuliandikia daftari la Shirikisho kuuliza kama jina lake limo, kwa barua ambayo sahihi yake imethibitishwa na mthibitishaji wa hati za sheria.

Jamaa walioko hapa waliopokea barua za mtoto wao kwa kuwa alitoa anwani ya nyumbani wasiziweke kabatini zimngojee. Bahasha ifunguliwe kwa ruhusa yake, ipigwe picha kurasa zote, mbele na nyuma, na atumiwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa siku zilizotajwa ndani yake zilianza kuhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua, si siku ilipofika Zanzibar.